Mauser za Kale na Ganda Lisilouzwa Tena: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nimekulia Tanga, kazi yangu ni kukereza vyuma, na kwa miaka sasa naishi Ujerumani, ambako nina leseni ya kulenga shabaha na kibali cha baruti. Wanaoniandikia ni wa aina mbili: Waswahili wa ughaibuni walionunua bunduki ya mwaka 1880 wakakuta hakuna duka lenye risasi yake, na ndugu wa nyumbani waliokuta mtutu wenye kutu kwenye dari ya nyumba ya babu. Majibu yao si yale yale, kwa hiyo soma swali linalokuhusu kwanza.

## Mambo ya mwanzo

Unaposema "bunduki za kale za Kijerumani" unamaanisha zipi?

Zaidi ni familia tatu. Ya kwanza ni Mauser ya 1871, bunduki ya risasi moja moja yenye mtutu wa milimita 11, pamoja na ndugu zake: ile fupi ya wawindaji iitwayo Jägerbüchse 71, karabini, na 71/84 iliyoongezewa bomba la risasi nane chini ya mtutu. Ya pili ni Gewehr 88, ya kwanza ya jeshi la Ujerumani kutumia baruti isiyo na moshi. Ya tatu ni bunduki za kiraia za kulenga shabaha na kuwinda, nyingi za Suhl na Zella-Mehlis, zenye risasi kama 8.15×46R na 9.3×72R. Hizi za mwisho ndizo zinazoniletea barua nyingi kutoka Ulaya na Marekani.

Namba kama 11.15×60R husomwaje?

Ya kwanza ni kipenyo cha kichwa cha risasi kwa milimita, kwa kukadiria. Ya pili ni urefu wa ganda. R ni alama ya kwamba kitako cha ganda kina ukingo uliotokeza nje, kama kifuniko cha chupa ya soda. Nasema "kwa kukadiria" kwa sababu namba hizi ni jina kuliko kipimo. Anayezisoma kama kipimo hupata tabu nitakayoieleza kwenye swali la milimita 8.

Kujaza risasi kwa mkono ni kufanya nini hasa?

Risasi nzima ina vitu vinne: ganda la shaba ya njano, fataki kwenye kitako, baruti ndani, na kichwa cha risasi mdomoni. Ukipiga, vitatu vinakwenda na ganda linabaki. Mjazaji huokota ganda, hulirudishia umbo, hubadilisha fataki, huweka baruti na kichwa kipya. Kuunda ganda ni hatua ya ziada: unachukua ganda la risasi ya kisasa na kuligeuza kuwa la risasi ambayo viwanda vimeacha kuitengeneza au huitengeneza kwa nadra.

Naruhusiwa kufanya hivi nikiwa Tanzania au Kenya?

Chukua jibu kuwa hapana. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, Kenya ina sheria ya silaha sura ya 114, na zote zinahitaji kibali kumiliki silaha, risasi, na zaidi kutengeneza. "Ni kitu cha kale tu" si hoja mbele ya polisi. Ujerumani nako, pamoja na wingi wa vilabu, mjazaji lazima asome kozi, afanye mtihani na apewe kibali chini ya kifungu cha 27 cha sheria ya milipuko. Marekani sheria ya shirikisho huzihesabu bunduki zilizotengenezwa hadi mwisho wa 1898 kuwa za kale na huzilegezea masharti, lakini majimbo yana ya kwao. Ukiwa na bunduki ya urithi nyumbani, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya mwisho.

## Kuijua bunduki kabla ya kuilisha

Niliambiwa na muuzaji kwamba ni milimita 8. Je, ninunue risasi za milimita 8?

Usinunue chochote bado. Hapa ndipo bunduki nzuri hupasuka.

Gewehr 88 ilizaliwa na risasi yenye kichwa butu kizito, kipenyo chake kama milimita 8.08, sawa na .318 ya inchi. Miaka ya 1903 hadi 1905 jeshi lilileta kichwa kipya chenye ncha, chepesi, kipenyo milimita 8.22 hivi, yaani .323. Ganda lilibaki lile lile, urefu milimita 57. Kwa hiyo risasi mpya huingia kwenye chemba ya zamani (chumba cha risasi nyuma ya mtutu) bila kulalamika, boliti, yaani kifungio cha nyuma, hufunga, na ukifyatua unalazimisha kichwa kinene kupita tundu jembamba. Tofauti ni unene wa karatasi moja au mbili tu, lakini shinikizo halihesabu karatasi.

Bunduki nyingi za jeshi zilibadilishwa na kugongwa herufi S juu ya chemba. Risasi ya kale hujulikana kwa herufi I, ambayo maandishi ya Kijerumani ya zamani huichora kama J, ndiyo maana utasikia watu wakisema "ndogo ya J". Bunduki za kuwinda zilichelewa kuhama, na zipo zilizotengenezwa miaka mingi baadaye zenye tundu la .318. Stempu nisiyoweza kuithibitisha kwa kipimo naihesabu kuwa uvumi.

Chini ya mtutu wangu pameandikwa 172,28. Hiyo ni namba ya risasi gani?

Si ya risasi yoyote. Baada ya sheria ya ukaguzi wa mitutu ya 1891, wakaguzi wa Ujerumani walipima tundu la mtutu kwa hesabu ya kale ya Waingereza: mipira mingapi ya madini ya risasi yenye kipenyo hicho inatimiza ratili moja. 172.28 ni kipenyo cha milimita 7.62. Na hicho ni kipimo cha kijiti kilichopita juu ya matuta ya ndani, si ndani ya mifereji inayozungusha kichwa cha risasi. Bunduki ya milimita 8 yaweza kubeba namba hiyo bila kosa lolote. Utaona pia taji dogo juu ya herufi. G ni ya mtutu wenye mifereji. N, iliyokuja baadaye, ni ya kuonyesha mtutu ulipimwa kwa baruti isiyo na moshi. Ukikosa N, chukulia baruti nyeusi.

Basi nipimeje mwenyewe?

Vipimo viwili, na vyote havihitaji kufyatua.

Cha kwanza ni tundu. Paka mafuta kidogo ndani ya mtutu mtupu, chukua kipande cha risasi laini, yaani madini yenyewe bila mchanganyiko, kilicho kinene kuliko tundu kidogo, kipigepige taratibu kwa kijiti cha shaba mpaka kitokee upande wa pili. Kitakuwa kimechukua sura ya mifereji. Kipime kwa mikromita.

Cha pili ni chemba. Ziba mtutu kwa kitambaa mbele kidogo ya chemba, mimina madini maalumu yanayoyeyuka kati ya nyuzi joto 70 na 90, acha yagande, yasukume nje. Madini hayo hunywea kwanza kisha hupanuka, na baada ya saa moja hivi huwa karibu sawa na chemba, kwa hiyo usikimbilie kalipa ya kupimia. Wazee walitumia salfa iliyoyeyushwa. Hufanya kazi, ila harufu yake itakugombanisha na nyumba nzima.

Kipande hicho cha madini kihifadhi na lebo. Kwangu ndicho cheti cha kuzaliwa cha bunduki. Kila jibu linalofuata hapa chini linakitegemea, na ndiyo sababu sijibu mtu anayeuliza kuhusu maganda kabla hajapima.

## Ganda

Ganda mama, yaani lile la kisasa la kugeuzwa, linachaguliwaje?

Anzia kwenye kitako, si mdomoni. Mdomo na mwili vinakandika, vinapanuka, vinakatwa. Kitako ni kinene na kigumu, kimebeba mzigo wote wa shinikizo, na huwezi kukinenepesha. Tafuta ganda la kisasa ambalo kitako chake ni sawa na chemba yako au kikubwa kidogo sana, na ambalo ni refu kuliko unalotaka. Refu linakatwa. Fupi halivutiki.

Mfano ninaoupenda ni 8.15×46R, risasi ya vilabu vya shabaha vya Wajerumani. Mama yake wa kawaida siku hizi ni .30-30 ya Kimarekani, iliyotoka 1895 na ambayo bado inatengenezwa kwa wingi. Mwili wa chini unakaribiana. Urefu ni milimita 51.8, kwa hiyo kuna nyama ya kukata hadi 46. Shingo hupanuliwa, ganda hupitishwa kwenye kalibu iliyopakwa mafuta, hukatwa na kusawazishwa mdomo, na mara nyingi ukingo hupunguzwa kwa mashine ya kukereza kwa sababu wa .30-30 ni mpana zaidi. Umbo la mwisho hutokea ndani ya chemba yenyewe, kwa mpigo wa kwanza wa nguvu ndogo. Ganda hujaa na kukaa kama glavu. Tangu hapo ni la bunduki hiyo moja. Kaka yake aliye pembeni kwenye rafu huenda akalikataa, hasa kwa kuwa mitutu ya 8.15 hutofautiana sana kutoka fundi mmoja hadi mwingine.

Na ganda la Mauser 71?

La 11.15×60R ni nene, na mama wanaolifaa ni wachache. Wapo watengenezaji wadogo wanaouza maganda mapya yake. Ni ghali, lakini nimefanya hesabu ya muda wangu na naona ni nafuu. Kuna jambo dogo la kuangalia: maganda ya asili ya Mauser yana duara lililoinuka kwenye kitako, ambalo mapya mengi hayana. Kama boliti yako inagusa kwa ulegevu, unene wa ukingo ndio utakaoamua nafasi iliyobaki nyuma ya ganda, na nafasi ikizidi ganda hukatika katikati.

Maganda yangu yanapasuka shingo. Nimekosea wapi?

Shaba ikikandwa huwa ngumu, na ikiwa ngumu hupasuka. Dawa ni kuilainisha kwa moto: shingo na bega hupashwa mpaka karibu nyuzi 350 au 400, kisha huachwa. Shaba haijali kupozwa haraka au polepole, tofauti na chuma. Ukiona inang'aa nyekundu umeshaiunguza.

Kitako kisiguswe na joto hata kidogo. Ndiyo maana wengi husimamisha maganda kwenye sinia lenye maji yanayofika nusu. Ganda lenye kitako laini ni la kutupwa, na lipondeponde kwa nyundo kwanza, asije mtu akaliokota. Kundi langu la kwanza, maganda ishirini, nililiunda bila moto kwa uvivu. Yalipasuka kumi na saba. Matatu yaliyobaki nayo sikuyaamini.

Risasi inaingia kwa shida kidogo lakini boliti inafunga. Kuna neno?

Kuna neno kubwa. Ganda lililokandwa kutoka nene kwenda jembamba, shaba yake ya ziada haiendi popote. Inakusanyika kwenye shingo. Shingo ikiwa nene mno, chemba huibana, na kichwa cha risasi hakipati pa kuachiwa. Shinikizo hupanda kabla kichwa hakijatoka. Pima unene wa nje wa shingo baada ya kuweka kichwa, linganisha na kipande chako cha madini, na kama hakuna nafasi ya wazi kote, punguza shingo. Hili ndilo kosa ninaloliona kwa watu makini kabisa, wale waliofuata kila hatua nyingine.

Nina maganda ya zamani yaliyopigwa enzi hizo. Yanajazika?

Ya maonyesho, ndiyo. Ya kupiga, mimi siyatumii. Fataki nyingi za wakati ule zilikuwa na zebaki, na zebaki huila shaba kimyakimya mpaka inakuwa kama biskuti. Ganda linaonekana zima mpaka siku ya kazi.

Tena kuna suala la fataki zenyewe. Ganda la Ulaya la zamani huwa na matundu mawili madogo pembeni ya kijinundu kilichomo kwenye kitako, na fataki yake ni ya aina ya Berdan. La Kimarekani lina tundu moja katikati, na fataki ya zamani husukumwa nje kwa pini. Anayesukuma pini kwenye ganda la matundu mawili huvunja pini, kisha huniandikia.

Nimegeuza .30-30 kuwa 8.15, lakini kitakoni bado imeandikwa .30-30. Ni tatizo?

Si kwako, ni kwa atakayerithi kabati lako. Kila kisanduku kiandikwe jina la bunduki na tarehe, na ndani uweke karatasi. Mimi huchora pia mstari mweusi kitakoni.

## Baruti

Naweza kutumia baruti isiyo na moshi kwenye Mauser 71?

Mimi nasema hapana, na nafahamu wapo wanaofanya. Boliti ya 71 haina meno ya mbele yanayojifunga kwenye fremu kama za baadaye. Kinachoishikilia ni mbavu nene ya mpini wake tu. Ilikusudiwa baruti nyeusi, gramu 5, nyuma ya kichwa cha gramu 25 cha madini ya risasi matupu, kinachotoka kwa mwendo wa mita 430 au 440 kwa sekunde. Kwa kazi hiyo ni chuma imara. Baruti isiyo na moshi ya uzito huo huo ni bomu.

Baruti nyeusi ina adabu moja inayosahaulika: haitaki hewa. Ijaze hadi kitako cha kichwa cha risasi, ikibanwa kidogo, au uzibe nafasi kwa kizibo. Nafasi tupu kati ya baruti nyeusi na kichwa imewahi kuvimbisha mitutu.

Nipe tu kipimo cha baruti, sitamwambia mtu.

Sitoi. Gramu 5 nilizotaja ni historia ya jeshi, kwa ganda la jeshi la wakati huo, ambalo unene wake wa ndani si wa ganda lako. Tumia kitabu cha mtengenezaji wa baruti unayoishika mkononi, na mkufunzi wa klabu yako.

Kwa nini bunduki inaota kutu siku ya pili?

Masizi ya baruti nyeusi hunywa unyevu hewani. Mafuta peke yake hayayatoi. Osha mtutu kwa maji ya moto yenye sabuni siku hiyo hiyo, kausha, kisha paka mafuta. Aliyekulia pwani hahitaji kuelezwa chumvi na chuma hufanyana nini.

## Upande wa kwetu

Ni kweli askari wa Mjerumani walitumia Mauser 71 huku Afrika Mashariki?

Ni kweli, na kwa muda mrefu. Vita ilipoanza Agosti 1914, kampuni nyingi za askari zilikuwa bado na 71 ya baruti nyeusi, huku jeshi la Ulaya likiwa limeshaiweka ghalani. Kila mpigo uliacha wingu jeupe lililomwonyesha adui mpigaji alipo. Ushindi wa Tanga, Novemba 1914, uliwaletea mamia ya bunduki za kisasa za Waingereza na risasi zake laki sita, na kwa askari wengi hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kupiga bila kujiwekea moshi usoni.

Kabla ya hapo bunduki za Kijerumani zilishabadili mikono. Agosti 1891 huko Lugalo, majeshi ya Mkwawa yaliangamiza msafara wa kamanda wa Kijerumani Zelewski na kuchukua bunduki zipatazo 300. Bunduki bila mtiririko wa risasi ina maisha mafupi, na hiyo ndiyo hadithi ya ganda kwa ufupi wake.

Nilisikia Wajerumani walijaza risasi upya Tanga. Ni porojo?

Si porojo. Aprili 1915 meli ya Rubens, iliyojifanya ya Kidenmaki kwa jina la Kronborg, iliingia ghuba ya Manza kaskazini mwa Tanga ikifukuzwa na manowari ya Kiingereza Hyacinth. Ilizamishwa kwenye maji mafupi, Waingereza wakaondoka wakidhani kazi imekwisha. Shehena ilitolewa chini ya maji, pamoja na risasi kwa mamilioni zilizoloweshwa na bahari. Zikafunguliwa, baruti ikaanikwa, fataki zikasafishwa, zikafungwa tena. Zilizokuwa na mashaka zilifaa mazoezi.

Nikiwa mtoto nilicheza kwenye ufuko ule bila kujua. Karakana yangu ya leo ina mizani ya umeme na taa nzuri. Wale walikuwa na jua la Tanga na mikono ya vibarua ambao majina yao hakuna aliyeyaandika.

Mwisho wa vita bunduki hizi zilikwenda wapi?

Nyingi ziliharibiwa au kutupwa risasi zilipokwisha. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alipokabidhi silaha Abercorn, sasa Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, bunduki zilizohesabiwa ni 1,071, za Kiingereza na za Kireno. Jeshi la Kijerumani lilimaliza vita na bunduki za maadui, kwa sababu risasi zake zilipatikana kila walipoteka kituo.

Gobori la mzee wetu nalo ni la aina hii?

Hapana. Gobori hujazwa kwa mdomo wa mtutu, halina ganda kabisa. Undugu wao ni baruti nyeusi na moshi. Na lenyewe linahitaji kibali.

## Mambo ya pembeni

Tumekuta Mauser kwenye dari ya babu. Tufanye nini?

Msijaribu kufungua boliti kwa nguvu: yaweza kuwa na risasi ndani tangu enzi za babu. Ielekezeni ukutani, watoto watolewe, piga picha za maandishi bila kuisugua, kisha mjulishe mwenyekiti wa mtaa au kijiji na kituo cha polisi waje waichukue. Msiibebe barabarani nyinyi. Mkitaka ibaki kwenye historia, semeni mapema kwamba mngependa makumbusho iione, kwa mfano ile ya Kalenga kama familia ni ya Iringa. Bunduki iliyotobolewa ubavu ikawa haipigi tena hubaki na thamani yake ya hadithi. Iliyosuguliwa kwa msasa mpaka stempu zikafutika, imepoteza yote mawili.

Shambani Mahiwa huwa tunaokota maganda, na juzi tumepata risasi nzima. Ni salama kuiweka nyumbani?

Ganda tupu halina neno. Risasi nzima iacheni hapo hapo mliyoiona, wekeni alama, waiteni polisi. Vita vya Mahiwa vya Oktoba 1917 vilitumia mizinga pia, na kitu kinachofanana na risasi kubwa chenye kutu kinaweza kuwa kombora ambalo halikulipuka. Usikigonge, usikitupe motoni, usimwuzie mnunuzi wa vyuma chakavu. Baruti ya kale haizeeki vizuri.

Nataka kurudi likizo na ganda moja tupu kama zawadi. Uwanja wa ndege watanisumbua?

Watakusumbua. Mashine huona umbo, haioni historia. Mpigie picha nzuri shangazi.